Kaniki Niliyoirudisha

Simu ya kunijulisha kwamba Atupele amefariki ilinikuta jikoni kwangu, hapa Iringa, nachambua maharage, na mjukuu wangu Neema amekaa kizingitini akisoma daftari lake kwa sauti. Mwezi ujao ana mtihani wa chuo, na somo lenyewe linaitwa misingi ya mawasiliano. "Mtoa ujumbe," anasoma, "ujumbe, njia, mpokeaji, mrejesho." Amechora visanduku vitano kwa rula na kuviunganisha kwa mishale iliyonyooka vizuri kabisa. Aliyenipigia ni mtoto wa kaka yake Atupele. Alisema mazishi ni Alhamisi, kule Rungwe, na kwamba marehemu aliacha maneno kuwa Yustina wa Iringa aambiwe. Yustina ndiye mimi. Nikashukuru, nikakata simu, na Neema, ambaye hakujua kilichosemwa, akaendelea: "Vikwazo vya mawasiliano: kelele, umbali, tofauti ya lugha." Nikamwambia afunge mdomo. Nilimwambia kwa ukali ambao mtoto wa watu hakuustahili, na mimi nikaendelea kutupa maharage mazima kwenye bakuli la takataka. Nina hasira ya zaidi ya miaka sitini. Padri wetu alipata kuniambia niiache nipumzike, nikamjibu kwamba bado naitumia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya hamsini, nilipotoka Iringa kwenda Mbeya kufanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya misheni. Jina lake sitaliandika, maana waliomo humo sasa hawana kosa. Tulikaa wasichana wanne chumba kimoja, vitanda vya kamba, ukuta wa chokaa iliyobaki kwenye sweta kila ukiegemea, na dirisha lisilofunga sawasawa wakati baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita haina mzaha. Tulikula jikoni kwa Tumpe, mpishi wa hospitali, mama wa Kinyakyusa mwenye mikono minene na maneno mengi, aliyetupikia ndizi na maharage siku sita na ugali siku ya saba, na akikuona unachezea sahani anakuuliza kama kwenu mnakula mawe. Kwetu Uhehe ukikutana na mtu unamwambia kamwene, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na huifikii shida yako mpaka jua limesogea. Wodini hakukuwa na nafasi ya hayo. Ilikuwa jina, kijiji, umri, unaumwa wapi, haya, mwingine. Mwezi wa kwanza nilidhani wagonjwa wote wamenichukia, kwa jinsi walivyonijibu kwa mkato, na haikunijia akilini kwamba mimi ndiye niliyekuwa naanza na mkato.

Kinyakyusa nilijifunza kwa Tumpe, pale pale mafigani, kwa kumenya ndizi. Alinitajia neno, nikalirudia, akacheka, nikalirudia tena. Nilikuwa na kichwa chepesi cha maneno. Miezi mitatu haijaisha nilikuwa naweza kuuliza panauma wapi, tangu lini, mtoto anacheza tumboni, umeona damu. Wenzangu wakaanza kuniita mkalimani, na hata daktari, Mzungu aliyekuja kwetu Jumanne na Ijumaa, akawa anasema niitwe mimi. Siwezi kueleza nilivyojiona. Niliandika barua nyumbani kwamba sasa nazungumza na kila mtu. Nikiikumbuka barua ile leo natamani niirudishe njiani, niichane kabla haijafika.

Mezani kwa Tumpe ndipo nilipowasikia watu wa nyanda zote hizi wakigawiwa tabia zao. Wanyakyusa wana kiburi, alisema mmoja, ukiwauliza wanageuza uso. Wasafwa mpaka uwaulize mara tatu ndiyo wanajibu moja. Wahehe ninyi, wakanigeukia, ninyi ni hasira tu. Tulicheka, tukala, tukaombana chumvi. Tumpe alitusikiliza huku akikoroga chungu chake na siku moja tu alisema, bila kugeuka, "Huyo anageuza uso, mlimuuliza anageuza kwa nini?" Tuliendelea kula. Tulikuwa na elimu, yeye alikuwa mpishi. Nilivyokuwa nimekaa karibu naye kuliko wenzangu wote, na nilivyokuwa namwita mwalimu wangu, ilitosha nimwulize swali hilo moja tu alifungue. Sikumwuliza.

Mkuu wetu wodini alikuwa Mama Rahabu, mkunga wa Kibena, mwanamke safi, mchapakazi, aliyeokoa watoto wengi na sitamnyima hilo. Alikuwa na sheria mbili alizozirudia kila Jumatatu. Ya kwanza, mgonjwa aseme kwa sauti, asikike mpaka kwenye meza anapokaa yeye na kadi zake, maana wanaonong'ona na wafanyakazi wanaomba upendeleo. Ya pili, hakuna kupokea zawadi. Wagonjwa wa kutoka vijijini walikuwa na desturi ya kuleta mayai, karanga, maharage, wamefunga kwenye kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi, na kukaza kwa kamba ya mgomba. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, msichana wa chumbani kwetu alipokea mayai sita. Alirudishwa kwao Njombe na sanduku lake kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo sisi tuliobaki tukiona kaniki iliyofungwa tulirudi nyuma hatua mbili.

Atupele aliletwa Jumatano asubuhi. Msichana wa umri wangu hasa, mimba yake ya kwanza, mume yuko migodini kusini, mama mkwe amevunjika mguu, hivyo aliyemleta ni baba mkwe. Walitoka Rungwe na lori la viazi: mzee mbele kwa dereva, yeye nyuma juu ya magunia, amejifunika shuka kichwani mpaka usoni. Sasa nitasema jambo ambalo Mnyakyusa yeyote wa wakati ule alilijua tangu utotoni, na mimi mkalimani sikulijua. Mke hatazamani na baba mkwe wake, hasemi mbele yake, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na wote wawili wanaibeba. Mzee yule aliibeba vizuri. Alipomfikisha mlangoni aligeuka akaenda zake moja kwa moja hadi getini, na mimi nilimwona. Mama Rahabu akamwita kwa sauti, "Wewe mzee! Unamtupa mgonjwa unakwenda wapi? Kaa kwenye benchi, tutakuhitaji kwa kadi." Mzee akasimama. Akasema kwa Kiswahili cha shida kwamba yeye atangoja huko nje, barabarani. "Kaa hapo," akaambiwa. Benchi lilikuwa barazani, chini kabisa ya dirisha la chumba cha kupimia, na dirisha lilikuwa wazi. Mzee akakaa. Akatupa mgongo dirishani, akajivuta blanketi lake mpaka masikioni, akainama, na hiyo ndiyo njia yote aliyobakiziwa ya kutokuwepo.

Nilimkalisha Atupele kwenye kiti, nikaanza maswali yangu kwa Kinyakyusa changu safi. Panauma wapi? Kimya. Tangu lini? Kimya. Shuka hakuivua. Mama Rahabu kutoka mezani akasema, "Asikike!" Nikamwambia asikike. Nikauliza mtoto anacheza, nikauliza umeona damu, nikauliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini, na kila nilipouliza alitazama dirishani, kwenye lile blanketi, kisha akanitazama mimi. Alinitazama machoni kabisa. Akainuka kidogo aniinamie sikioni, na mimi, Mungu anisamehe, nikarudisha kichwa nyuma nikamwambia, "Hapana, sema kwa sauti." Basi akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kaniki iliyokunjwa, imekazwa kwa kamba ya mgomba, akanipa kwa mikono miwili. Nikarudi nyuma hatua mbili. "Hatupokei zawadi, dada," nikasema, tena nikasema kwa nguvu, ili Mama Rahabu asikie jinsi nilivyo mtiifu. Akanisogezea tena. Vidole vyake viligusa vyangu, vilikuwa baridi. Nikaisukuma ile kaniki mpaka kifuani kwake. Akaipokea, akairudisha kikapuni, akajifunika, akakaa.

"Anasemaje?" akauliza Mama Rahabu.

"Hasemi kitu, mama."

"Kiburi. Andika hana malalamiko, apelekwe nyumba ya wanaosubiri kujifungua, daktari atamwona Ijumaa."

Nikaandika. Hana malalamiko. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala kidogo kulia, masista walinisifia shuleni.

Alhamisi saa nne asubuhi wanawake wa nyumba ya kusubiri walikuja wakikimbia. Sitaieleza siku ile, haikuwa siku ya kuandikwa na mtu aliyesimama nje ya mlango akishika beseni. Daktari alifuatwa kwa gari. Atupele aliokolewa, mtoto hakuokolewa, alikuwa wa kiume, na daktari alisema mji wa uzazi umetolewa kwa hiyo hatazaa tena. Nilitumwa kuchukua vitu vyake. Kikapu kilikuwa chini ya kitanda, na kaniki ilikuwa juu ya kikapu, kamba yake ya mgomba bado imekazwa kama nilivyoisukuma. Nikaifungua pale nilipopiga magoti. Ndani mlikuwa na kipande cha kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe, kilicholowa damu, imekwisha kukauka na kuwa nyeusi pembeni. Alikuwa amekikunja vizuri sana. Damu ilimwanza juu ya yale magunia ya viazi, hakuwa na mtu wa kumwambia, akatengeneza cha kunionyesha mimi.

Nilikimbilia jikoni, maana sikuwa na kwingine. Tumpe alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, ndizi haijamenywa. Nilitegemea atalia na mimi. Hakulia. "Mkwewe amekaa dirishani," akasema, "halafu wewe unamwuliza huyu mtoto mambo ya damu kwa makelele. Mimi sikukufundisha hiyo." Nikamwuliza kwa hiyo ningefanyaje, sheria ni sheria. "Mngemwambia mzee aende dukani akanunue tumbaku. Basi. Angeshukuru hata. Angekwenda mbio." Akarudi kwenye ndizi zake. Tumbaku! Nimekaa na neno hilo maisha yangu yote. Nimesikia watu wakilaumu mila za Wanyakyusa, nimesikia wakilaumu barabara, na umaskini, na ukoloni, na mengine nayakubali, lakini siku ile kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumtuma mzee dukani. Mzee mwenyewe alikuwa tayari ameanza kwenda. Tulimrudisha sisi.

Jumapili mchana, saa ya kutazama wagonjwa, mzee alirudi na mkungu wa ndizi begani. Akauweka barazani, akakaa kwenye benchi lake lile lile, lililokuwa limesogezwa chini ya dirisha la wodi, akatupa mgongo, akaniuliza kwa sauti ya chini wanaendeleaje. Aliuliza kwa wingi, mama na mtoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilifungua mdomo na kila neno la Kinyakyusa nililokuwa nalo likanitoka kichwani. Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia. Atupele alikuwa ameinuka, ameegemea mikono yake, na shuka ameiacha imeanguka. Kichwa wazi, uso wazi. Akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza ya Mama Rahabu, kama tulivyomtaka, akimwita baba, "Tata, mtoto amekufa."

Wanawake wa Kinyakyusa waliokuwemo walijifunika nyuso, mmoja akaanza kulia. Mzee hakugeuka. Alishuka kwenye benchi akachuchumaa chini, akajifunika blanketi lote kichwani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Atupele akaendelea, haikumtosha. "Damu ilianza kwenye lori. Sikuweza kusema, ulikuwa hapo." Kisha akaninyooshea kidole. "Nilimpa huyu. Nilimpa mkononi. Mara mbili." Akalala, akageukia ukutani, na siku zote kumi na mbili alizobaki wodini hakunisemesha tena. Nilimpelekea uji, akaunywa. Nilimbadilishia shuka, akaniruhusu. Ningependa angenipiga kofi.

Na bado hamjasikia ninachokasirikia zaidi. Jumatatu Mama Rahabu aliniita mezani, kadi ya Atupele iko mbele yake, wino umefunguliwa. Hakuwa mtu mbaya. "Daktari atauliza kwa nini hatukujua," akasema. "Andika chini hapo: mgonjwa alificha hali yake." Nikasema, "Mama, hakuficha." Akasema, "Yustina, unataka kurudi Iringa na sanduku lako?" Nje kuna mtu alikuwa anafagia. Nikachukua kalamu nikaandika: mgonjwa alificha hali yake. Kwa mwandiko ule ule wa kulala kulia. Kesho yake daktari alisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kitu kwa Kiingereza kuhusu hawa watu, akatia sahihi. Mimi nimesimama pembeni, mkalimani, na hilo nalo sikulitafsiri.

Nilimaliza mwaka, nikarudi Iringa, nikaolewa, nikafanya ukunga miaka thelathini na mbili. Kila mahali nilipofanya kazi nilianza kwa kuhamisha benchi. Waliniona mama mkorofi, mwenye kelele na mabenchi, na nilipofukuza wanaume madirishani wengine walinitukana. Sawa. Mume wa Atupele aliporudi kutoka migodini alioa mke mwingine, na Atupele akarudi kwa kaka yake akalea watoto wa kaka. Nilimfuata huko mara moja, tukiwa watu wazima, wanangu wamekua. Alinipokea, akapika, tukala sahani moja. Nilianza kusema nilichokwenda kusema, akaniuliza kama njiani kuna matope. Nilianza tena, akaniongezea mboga. Wakati wa kuondoka akanipa kifurushi, kaniki na kamba ya mgomba, na najua si adabu kufungua zawadi mbele ya aliyekupa, lakini nilikifungua pale pale. Alinitazama mpaka nikamaliza fundo la mwisho. Hakucheka. "Ni maharage tu," akasema. Nilipanda mengi, nikala machache, na mbegu yake sijaiacha ikatoweka.

Neema hakukasirika kwa kufokewa. Alikuja akakaa chini karibu yangu, akaanza kuokota maharage mazima niliyoyatupa, akaniuliza Atupele ni nani. Nikamsimulia kama nilivyoandika hapa, pamoja na ile kadi, ambayo hata babu yake hakupata kuijua. Akavuta daftari lake, maana ni msichana wa bidii, na nadhani alitaka kunisaidia.

"Bibi, sasa hapo kikwazo kilikuwa kipi? Lugha?"

"Lugha nilikuwa naijua."

"Kelele?"

"Chumba kilikuwa kimya."

"Umbali?"

"Tuligusana vidole."

Akatazama orodha yake, moja, mbili, tatu, akasema mwalimu hakuwapa vingine. Nikamwomba kalamu. Nikaandika namba nne chini ya zile zake, na mbele yake nikaandika Yustina, kisha nikamrudishia daftari akaendelee kusoma. Mwandiko wangu haujabadilika sana. Bado unalala kidogo kulia.